Kuchagua taa ya nyuma ya kuchaji: niliyojifunza njia ya Msabaha usiku

Ukiingia duka la vipuri vya baiskeli hapa Malindi ukaulizia taa ya nyuma, muuzaji atakugeuzia boksi akuonyeshe lumeni, yaani kipimo cha mwanga ambao taa inatoa. Lumeni 50, lumeni 120, lumeni 200, na bei inapanda nazo. Sina ugomvi na namba hiyo, lakini siku hizi ndiyo ninayoiangalia mwisho.

Mimi ni mpishi katika hoteli moja upande wa Casuarina, na nyumbani ni Msabaha. Zamu ya jioni hufungwa saa nne usiku, na wageni wakikawia mezani inafika saa tano. Hapo nakata hadi barabara kuu upande wa uwanja wa ndege, nashika njia ya kwenda Gede, na taa za mji zikiisha nabaki na wanaokuja nyuma yangu: matatu za mwisho, probox zinazowahi Watamu, malori ya chumvi yaliyotoka Gongoni na Marereni yakielekea Mombasa. Wala si sisi wa zamu za usiku peke yetu. Huku kwetu jua huzama muda mfupi baada ya saa kumi na mbili mwaka mzima, na machweo hayakawii. Ikifika saa moja ni giza totoro. Fundi wa mawe aliyeshuka kazini saa kumi na mbili, mama aliyefunga meza yake ya samaki sokoni, kijana wa chuo, wote giza linawakuta njiani. Wengi wao nyuma wana rifleta tu, kile kioo chekundu cha kurudisha mwanga, na wengine hata hicho kilivunjika zamani, kimebaki kitundu cha skuru kwenye madigadi.

Rifleta ni kitu kizuri, usiing'oe. Haitaki betri, haisahauliki nyumbani, na ikiwa safi na imenyooka inarudisha mwanga kule kule ulikotoka. Ubaya wake ni kwamba inategemea taa za mwenzako, na taa za mwenzako huzijui zikoje. Barabara yetu ina probox zenye jicho moja. Ina malori ambayo taa ya kushoto inamulika lami na ya kulia inamulika minazi. Ina tuktuk zinazoendeshwa kwa mbalamwezi. Na hata gari likiwa zima, taa zake za chini huangaza mita 50 hivi mbele. Matatu na malori, tangu zile sheria za 2004 za Michuki, aliyekuwa waziri wa uchukuzi, hufungwa kidhibiti mwendo kwenye kilomita 80 kwa saa, na mwendo huo ni mita 22 kila sekunde. Kitabu cha sheria za barabara cha Uingereza kinahesabu kwamba gari dogo lenye mwendo huo, yaani maili 50 kwa saa, linahitaji mita 53 mpaka lisimame, barabara ikiwa kavu na dereva akiwa macho. Lori lenye chumvi mgongoni lihesabie mwenyewe. Dereva anayekuona pale tu taa zake zinapokufikia hana nafasi ya kusimama. Kilichobaki ni kukupisha, kama upande wa pili hakuna gari linalokuja.

Kwa hiyo taa inayowaka yenyewe, ile ndiyo inayokuongezea mita. Ipi sasa?

Jibu nililipata kwa shemeji, kaka wa mke wangu, ambaye ni dereva wa lori. Alipitia kwetu jioni moja akalala, na mimi nilikuwa na taa tatu za kuchaji nyumbani: moja yangu, moja ya mwenzangu wa kazini, na moja ambayo fundi wa baiskeli aliniachia niijaribu kabla ya kulipa. Nikamwambia, "Shemeji, wewe ndiye unayetuona kwa nyuma kila siku. Hebu nitazamie." Tulisimamisha baiskeli kwa stendi kando ya barabara ya vumbi kule ndani kijijini, paliponyooka na pasipo na magari, kijana wangu akabaki nayo abadilishe taa kila tukipiga honi. Sisi tukaenda na lori mpaka mbali, tukageuza, tukarudi polepole. Mimi nimekaa upande wa utingo.

Honi ya kwanza, ikawaka nukta moja nyekundu. "Hiyo," shemeji akasema, "ningedhani ni bodaboda iko mbali kule." Haikuwa mbali. Nguzo za uzio wa shamba zilikuwa zinaonekana kabla yake na baada yake, tungeweza kuzihesabu. Na taa hiyo ndiyo iliyokuwa na lumeni nyingi kuliko zote kwenye boksi. Ila mwanga wake wote ulipenya kwenye kilenzi kimoja kidogo, ukawa kisindano, na kisindano hakina umbo. Dereva anaona kuna kitu chekundu, hajui ni kipana kiasi gani wala kiko umbali gani.

Honi ya pili, ikawaka ile ya ukanda, yenye LED nyingi zilizopangwa kwa mstari chini ya plastiki moja nyekundu. Lumeni zake zilikuwa chini ya nusu ya ile ya kwanza. "Hii naiona ni kitu. Kina mwili." Akaongeza jambo ambalo mimi nisingelifikiria: kioo cha mbele cha lori lake hakiwi safi kamwe. Vumbi na unga wa chumvi hushikamana, ukipitisha waipa unakuwa matope, na nukta ndogo ikipita kwenye uchafu ule inapasuka miale pande zote, hasa kama kuna gari linakuja mbele na taa kali. Mwanga ulioenea unavumilia kioo kichafu kuliko nukta.

Ya tatu ilikuwa inapepesa, inawaka na kuzima haraka haraka. Alishtuka kidogo kwenye kiti. "Hii nimeiona kabla ya zote. Lakini usiniulize iko wapi. Ikizima naipoteza, ikiwaka tena nimeshaisogelea, siwezi kuipima."

Halafu akaniambia nimpigie kelele kijana apande aendeshe. Pedeli za baiskeli yetu zina vile vioo vidogo vya rangi ya machungwa mbele na nyuma, vya kiwandani, ambavyo watu huviacha vikajaa matope. Kijana alipoanza kukanyaga, vikawa vinapanda na kushuka kwenye taa za lori, kushoto, kulia. Shemeji akacheka. "Sasa ndiyo nimejua huyu ni mtu wa baiskeli." Baadaye nilisoma kwamba watafiti wa mambo ya barabarani wanasema hivyo hivyo: jicho la binadamu linatambua mwendo wa viungo vya mtu haraka kuliko linavyotambua kitu kilichotulia, na ndiyo maana rifleta za kifundo cha mguu na pedeli zinasaidia kuliko za kifuani. Pedeli zangu nazifuta kwa kitambaa kila ninapoosha baiskeli. Hiyo ni bure.

Tangu jioni ile naamini hivi: taa ya nyuma haichaguliwi dukani kwa kuishika mkononi na kuitazama machoni. Kila taa ya nyuma ni kali ukiitazama karibu. Mpe mtu baiskeli aishike, wewe tembea nyuma hatua mia, mia mbili, geuka. Pinda kidogo kushoto na kulia pia, kwa sababu gari haliji kila mara likiwa limenyooka nyuma yako. Kwenye kona unamulikiwa kwa ubavu. Taa za kilenzi kimoja hupotea ukitoka pembeni kidogo. Za ukanda, na zile zenye plastiki iliyotokeza mbavuni, bado unaziona. Muuzaji akikataa utoke nayo nje, mwachie kitambulisho au pesa. Wengi hukubali.

Halafu kuna suala la mahali pa kuifunga, na hapa mafunzo ya intaneti hayatusaidii sana, maana waandishi wake wanaendesha baiskeli zisizobeba kitu. Wanakwambia funga kwenye bomba la siti. Kwenye Black Mamba, zile baiskeli nzito za kubebea mizigo, nyuma ya bomba la siti pana keria, na juu ya keria pana maisha yote: galoni za maji, gunia la makaa, kreti la soda, mtoto. Taa iliyoko chini ya siti inawaka vizuri kabisa ikiumulikia mgongo wa gunia. Na hata keria ikiwa tupu usiku, mke wangu akipanda, amekaa upande, leso yake inashuka mpaka chini ya madigadi. Nilimwona jirani akipita na mkewe hivyo hivyo, taa mpya imewaka, na kwa nyuma hakuna kinachoonekana ila uwekundu hafifu ndani ya kitambaa kama taa ya kandili iliyofunikwa. Mwenyewe alikuwa ana imani kamili kuwa anaonekana.

Mahali pake ni ncha ya keria, nyuma kabisa, chini ya kile kipande cha mwisho cha chuma. Keria nyingi zina kibati chenye matundu mawili ya kufungia rifleta. Fundi anakuchongea kipande cha bati nene, unapata kishikio cha taa, na rifleta inabaki chini yake. Ukikosa hapo, madigadi: lile eneo la nyuma ambalo baiskeli za zamani hupakwa rangi nyeupe. Chunga tu isiwe chini mno ikala matope.

Nayo itazame nyuma moja kwa moja. Bomba la siti limelala kidogo kwa nyuma, kwa hiyo taa iliyobanwa juu yake bila kurekebishwa inaangalia lami. Zile zenye klipu, za kubana kwenye begi au mkanda wa suruali, ni mbaya zaidi: begi likilegea taa inaangalia chini, ukiinama kupanda mlima inaangalia nyota. Dereva wa lori amekaa juu, dereva wa probox amekaa chini; taa iliyo sawa na ardhi inawafikia wote wawili.

Sasa boksi. Ninalisoma kwa kuanzia chini, kwenye maandishi madogo, na natafuta mAh. Chukulia betri ni mtungi na taa ni bomba: lumeni ni upana wa bomba, mAh ni ujazo wa mtungi. Betri ya 500 mAh, ya lithiamu, yenye voti 3.7, ina nishati isiyofika wati 2 kwa saa moja (500 mAh ni Ah 0.5, mara voti 3.7, unapata 1.85). LED nyekundu nzuri bado inataka takriban wati moja au zaidi ili itoe lumeni 100. Boksi likikuambia lumeni 100, betri 500 mAh, saa 20, hapo umeandikiwa vitu viwili tofauti kwa mstari mmoja. Lumeni 100 ni za mtindo mkali kabisa, ambao utaishi chini ya saa mbili. Saa 20 ni za mtindo dhaifu wa kupepesa. Si uongo hasa, lakini wewe unayetoka kazini saa nne usiku unahitaji kujua jambo moja tu: kwa mtindo nitakaoutumia, itawaka saa ngapi? Maboksi ya taa nzuri yana kijijedwali kinachoonyesha kila mtindo na saa zake. Lisilo na jedwali nalirudisha rafuni.

Na lumeni zenyewe, kwa usiku wa barabara isiyo na taa, hazihitajiki nyingi. Ishirini, thelathini, hamsini ukitaka, ukiwa na mwanga ulioenea. Zile za 100 na kwenda juu zimetengenezwa kwa ajili ya mchana, zishindane na jua. Usiku zinamuumiza macho anayekufuata. Tunatoka hotelini kwa msafara, wahudumu na wapishi, mmoja nyuma ya mwingine, na mwenzetu mmoja aliponunua taa ya aina hiyo akaiweka kwenye kupepesa, hakuna aliyekubali kukaa nyuma yake. Tukamwambia akae mwisho awe mlinzi wetu. Akakubali kwa furaha, na usiku wa pili akatuambia ameelewa ni kwa nini.

Hili la kupepesa lina nchi zinazobishana. Ujerumani hairuhusu taa ya nyuma ya baiskeli ipepese. Uingereza imeruhusu tangu 2005. Mimi, nikikumbuka maneno ya shemeji, natumia zote mbili: ya ukanda imetulia kwenye keria, inampa dereva kipimo, na nyingine ndogo ya bei rahisi inapepesa kwenye begi, inamwamsha. Ukiwa na pesa ya moja tu, chukua iliyotulia. Kuna taa zinazofanya zote mbili kwa pamoja, zinawaka bila kuzima kisha zinaongeza nguvu kwa mdundo. Hizo nazipenda, ila si kila duka la hapa linazo. Taa mbili zina faida nyingine isiyo na falsafa yoyote: moja ikizima, umebaki na moja.

Na zitazima. Betri ya lithiamu ikijaa ina voti 4.2, na ikishuka karibu na 3 kisakiti cha ndani huikata ili isiharibike. Namna taa inavyokufa ni tabia ya mtengenezaji. Nyingine hufifia taratibu, na wewe uliye mbele hujui kwa kuwa huioni. Nyingine hukata ghafla. Zilizofikiriwa vizuri zikikaribia kuisha zinajishusha zenyewe kwenye mwanga mdogo wa akiba, na zina kitaa kidogo juu, kijani kikiwa salama, chekundu kikiwa kinakwisha, mahali ambapo unakiona unapopanda. Hiyo ya akiba naithamini kuliko lumeni mia zaidi. Kabla hujaiamini barabarani, ichaji ijae, iwashe nyumbani kwa mtindo utakaoutumia, uandike saa, uiache. Ukisikia watu wamelala na taa bado inawaka, vema. Rudia baada ya mwaka, maana betri huzeeka, na joto la huku huizeesha haraka. Taa iliyoachwa kwenye baiskeli juani kutwa nzima haitakuwa na umri wa iliyowekwa mfukoni. Isitoshe ukiiacha sokoni hutaikuta.

Wazee wetu hawakuwa na shida hizi. Black Mamba ya baba yangu ilikuwa na dainamo, kile kichupa kinachosugua tairi, voti 6 na wati 3 kwa jumla, na taa ya nyuma ilikuwa inapewa 0.6 tu. Hakuna kuchaji, hakuna waya wa chaja. Ila tairi inakuwa nzito, na ukisimama taa inakufa, na mtu husimama lini barabarani usiku? Anapofunga mzigo uliolegea, anaposhuka kusukuma, mnyororo ukitoka. Ndipo unapohitaji kuonekana kuliko wakati wowote. Kwa hilo tu, ya kuchaji imeishinda.

Kuhusu maji, boksi litakuandikia IPX4, IPX6, IPX7. Ile X maana yake hawakupima vumbi. Nne ni maji ya kurushwa kutoka pande zote. Sita ni maji ya nguvu. Saba ni kuzamishwa hadi mita moja kwa nusu saa. Kwa masika yetu ya Mei, na maji yanayorushwa na tairi lako mwenyewe kutoka chini, nne ni ya kubahatisha. Nataka sita au zaidi, na nikipata IP67, yenye namba ya vumbi pia, nainunua kwa moyo mweupe. Lakini majaribio hayo hufanywa kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Hayajui habari ya Malindi. Hapa kusi likivuma, ukungu wa bahari unafika mpaka kwenye bawaba za milango, na kitu cha kwanza kuliwa kwenye taa ni tundu la kuchajia. Unaona weupe, halafu ukijani, halafu waya haushiki tena mpaka uushike kwa kidole. Mimi hupangusa kwa kitambaa kikavu, napaka mafuta ya mgando kidogo kwenye ukingo wa kile kimfuniko cha mpira, nje, si ndani ya tundu, na siichaji ikiwa na maji. Angalia kimfuniko hicho dukani: kama kimeshikwa na uzi mwembamba wa mpira, kitakatika kabla ya betri kuchoka.

Tundu lenyewe liwe USB-C. Ile ya zamani, ndogo yenye upande mmoja, hulegea, na gizani ukiilazimisha kinyume umeivunja. Lakini kuna mtego mmoja kwenye USB-C za bei nafuu. Taa inachaji kwa waya wenye kichwa kile kipana cha zamani upande wa chaja, na haichaji kabisa kwa waya wenye USB-C pande zote mbili. Watu huirudisha dukani wakisema imekufa. Haijafa; mtengenezaji ameacha kuweka vizuizi viwili vidogo vya umeme ambavyo chaja mpya huvitafuta kabla ya kutoa moto. Tumia waya wa zamani itajaa. Nami huuliza hivyo dukani, na najaribu na waya wangu.

Stima ikipotea, ambalo si jambo geni, nyumbani tuna paneli ndogo ya sola yenye tundu la USB. Foleni yake inajulikana: simu ya mama watoto, simu yangu, taa. Nimejifunza kuichaji mchana hotelini, kwenye kona ya stoo, saa mbili zinaitosha.

Mpira wa kufungia nao utapasuka kwa jua. Usitupe taa kwa ajili hiyo. Kata ukanda wa tyubu iliyokwisha, utoboe, unashika kuliko ule wa kiwandani.

Bei: ile ya ukanda niliyonayo niliinunua chini ya shilingi 2,000, na ndogo ya begi shilingi mia chache. Zipo za shilingi 8,000 na sijaona kinachonifanya nizitamani. Zipo pia za 150, za betri za vidonge, na hizo afadhali ununue rifleta nzuri na utepe wa kung'aa ubandike kwenye madigadi.

Linaloniudhi mpaka leo ni kwamba hazifunguki. Zimegandishwa kwa gundi. Betri ikichoka unatakiwa utupe taa nzima yenye LED zilizo hai. Taa yangu ya mwanzo ilipofika mahali inakaa dakika chache tu, niliipeleka kwa fundi wa simu mjini. Aliizungushia moto wa hewa kwenye mshono, akapitisha kiwembe, ndani mkawa na betri bapa iliyovimba kidogo. Akatafuta nyingine ya voti 3.7 ya ukubwa ule ule kwenye kopo lake, akachomelea nyaya mbili, nyekundu na nyeusi, akaniambia nisiikaze sana nikiifunga. Inawaka kama siku ya kwanza. Ila mshono ameufunga kwa gundi ya kawaida, na mvua siiamini nao, kwa hiyo nimempa kijana anayetusukumia maji kwa mkokoteni. Mkokoteni wake haukuwa na kitu nyuma, hata rifleta. Ameifunga chini ya ubao, upande wa kulia, ambako magari hupita. Mvua zikianza tutaona kama gundi ya fundi inafaa.